Kemilembe Asimamisha Nyatiti

Dishon hakuwa na desturi ya kuja Kisumu siku ya Alhamisi. Siku yake ilikuwa Jumamosi, na kwa miaka miwili Kemilembe aliizoea Jumamosi hiyo kama mtu anavyozoea chai ya asubuhi. Kwa hiyo alipomwona anashuka kwenye basi la Kombewa ng'ambo ya barabara, kalamu nyekundu ya kusahihishia bado imo mfukoni mwa shati, moyo wake ulishtuka kwa furaha kwanza, kisha ukashtuka tena kwa sababu nyingine. Mwalimu hatoroki darasa katikati ya wiki kwa sababu ya mapenzi peke yake.

Cherehani yake ilikuwa kwenye veranda ya duka la vitambaa, mita chache kutoka sokoni. Alikuja nayo kwa meli kutoka Bukoba miaka minne iliyopita, akiwa na miaka ishirini na miwili na bila mjomba wala shangazi katika mji mzima. Watu walimwita Mtanzania. Walimcheka Kiswahili chake kilichonyooka, kisha wakampa nguo zao azishone, maana mkono wake haukuwa na mpinzani.

"Kemi," Dishon alisema, hata hakuketi. "Umewashonea wanawake wa Okech?"

"Wale wa gauni za njano? Nimewashonea. Ishirini na nne."

"Unajua Okech anashindana na baba yangu kiti cha diwani?"

"Najua. Ndiyo maana na wa baba yako nimewashonea. Za kijani, thelathini na sita. Zimebaki kumi na mbili nizimalize."

Dishon alijishika kichwa. Alikuwa kijana mrefu mwenye macho ya upole, na hata akikasirika macho hayo hayakujifunza kukasirika. Hilo ndilo lililomponza Kemilembe tangu siku ya kwanza.

"Na za kwao ukaweka lesi shingoni," alisema.

"Walileta lesi. Nyinyi hamkuleta."

"Kemi, hii si mambo ya kucheka. Wamama wa kwetu wameona hiyo lesi hapo sokoni Asembo, wamekuja kwa baba wakilia. Ati fundi wa mwanao anapamba adui. Mzee hakulala."

Kemilembe aliacha kukanyaga pedeli. Kwa kweli hakuona kosa. Kwao, mwaka wa sabini, aliwaona wagombea wawili wakishuka kwenye gari moja. Mmoja alikuwa na alama ya jembe, mwingine nyumba. Jembe akisema, Nyumba alikaa kwenye benchi akingoja zamu yake, na mama aliyewapikia ndizi aliwapikia wote wawili kwenye sufuria moja. Alidhani uchaguzi ni uchaguzi popote pale, kama vile mshono ni mshono.

"Kwetu..." alianza.

"Hapa si kwenu."

Maneno matatu tu. Dishon mwenyewe aliyasikia yakitoka, akatamani kuyarudisha mdomoni, lakini maneno si uzi kwamba utayakunja tena. Kemilembe alimtazama. Alitamani amshike mkono na amchape kofi kwa wakati mmoja.

"Sawa," alisema. "Hapa si kwetu. Umekuja kuniambia hilo tu?"

"Nimekuja kuhusu Jumamosi."

Hapo akaelewa. Jumamosi ndiyo siku aliyoahidiwa. Dishon alikuwa ampeleke Asembo, nyumbani kwao, akamwonyeshe kwa mama yake. Gauni la siku hiyo alikuwa ameshalishona, la buluu lisilo na makuu, likaning'inia nyuma ya mlango wa chumba chake wiki mbili.

"Mzee amesema tungoje," Dishon alisema. "Kura ni Jumatatu, si hii inayokuja, ile ya pili. Jumamosi hii kuna mkutano nyumbani, watu watajaa. Watu wa Okech wakijua, watasema Walter anataka kuwa diwani wa Asembo na mtoto wake amekosa msichana Asembo mzima, amevuka ziwa kuokota mwingine. Ni siku kumi na moja tu, Kemi. Usionekane kwa siku kumi na moja."

"Nisionekane."

"Kwa sababu ya kura tu."

"Na wewe ulimjibu nini baba yako?"

Dishon aliitazama cherehani kana kwamba jibu limeandikwa pale.

"Nilisema sawa."

Veranda ilikuwa na kelele za watu na baiskeli, na Land Rover yenye kipaza sauti ilipita ikitangaza jina la mtu mwingine anayetaka kiti kingine. Kemilembe alingoja ipite. Hakutaka kusema jambo hili kwa kupiga kelele.

"Nisikilize, Dishon. Kura hupigwa nyuma ya pazia, na ni vizuri hivyo, ili mtu asijue jirani amemchagua nani. Mapenzi si kura. Mimi sipendwi nyuma ya pazia. Baada ya kura kutakuwa na mavuno, baada ya mavuno kutakuwa na matanga ya mtu, na kila mara nitaambiwa nisionekane. Mimi si mgonjwa wa ukoma."

"Sijasema hivyo."

"Umesema sawa. Inatosha."

Akakanyaga pedeli. Dishon alisimama pale mpaka basi la kurudi lilipopiga honi, na alipogeuka kumtazama kwa mara ya mwisho, Kemilembe hakuinua kichwa. Sindano ilikuwa imepita pembeni na kuharibu pindo zima, na machozi yalimzuia kuona kwamba alitakiwa kulifumua.

*

Ijumaa alikuja Mama Selpha, kiongozi wa kina mama wa kijani, kuchukua zile gauni kumi na mbili. Selpha alikuwa mjane mnene wa kuuza samaki, mwenye sauti ya kuita watu kutoka upande wa pili wa kijiji. Alikuta gauni zimekunjwa vizuri, lakini Kemilembe hakumpa.

"Nitazileta mwenyewe kesho," alisema.

Selpha alimwangalia kutoka kichwani hadi miguuni. Alijua kila kitu. Asembo nzima ilijua kila kitu, isipokuwa wazee waliodhani ni siri.

"Mzee Walter hataki wewe kule, msichana wangu."

"Najua, Mama."

"Na wewe unakuja?"

"Gauni ni zangu mpaka zivaliwe. Fundi ana haki ya kuona kazi yake mwilini mwa mtu."

Selpha akacheka hadi leso ya kichwani ikalegea. "Aya. Kesho saa tatu pikapu ya samaki itapita hapa. Utakaa mbele na mimi. Mapenzi ni kikohozi, mtoto yangu, haifichiki. Mimi nilikohoa mbele ya baba mkwe yangu mpaka akanipa kiti."

*

Boma la Mzee Walter Ogada lilikuwa juu kidogo ya ziwa, na siku hiyo lilijaa watu mpaka kuku wakakosa pa kukanyaga. Kemilembe alishuka kwenye pikapu akiwa ndani ya gauni lake la buluu, furushi kichwani. Wanawake walimkimbilia. Walivaa palepale nyuma ya nyumba, wakageuka, wakajishika viuno, na mmoja akapitisha kidole shingoni akakuta lesi. Kemilembe alikuwa amekesha akizitia lesi zote kumi na mbili, aliyoinunua mwenyewe. Kwa zile ishirini na nne za kijani walizokwisha kuchukua, alikuja na lesi mkononi, aishone hapohapo. Hakuomba radhi kwa maneno. Aliomba kwa sindano, kisha akanyanyua kichwa.

Ndipo akamwona Dishon.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba ya mama yake, trei ya chai mikononi, amekauka. Macho yao yalikutana juu ya vichwa vya watu. Kwa muda huo mfupi Kemilembe alisahau Alhamisi, akasahau hasira, akaona tu kwamba amekonda na kola yake imekunjika nyuma na angetaka kumnyooshea. Dishon naye alianza kutabasamu. Halafu mama yake, Mama Dorca, akatokea nyuma yake, mwanamke mdogo mkimya mwenye macho makali.

"Huyu ni nani?" mama aliuliza, kwa Kijaluo.

Kemilembe alikielewa Kijaluo vizuri. Miaka minne kwenye veranda ni shule. Alingoja.

Dishon alitupa jicho pembeni. Baba yake alikuwa hatua tano tu kutoka hapo, akisalimiana na wazee.

"Ni fundi," alisema. "Fundi wa nguo. Kutoka Kisumu."

Mama Dorca aliitikia kwa kichwa, akachukua trei, akaingia ndani. Kemilembe aliona midomo ya Dishon ikitaka kuongeza neno, na aliona pia kwamba neno halikuja. Kama angempiga mbele ya watu isingemuuma kama hilo. Angeweza kuondoka. Pikapu ya samaki ilikuwa bado langoni. Badala yake alikwenda akaketi katikati ya kina mama wa kijani, mstari wa mbele, liwalo na liwe.

Hotuba zilikuwa nyingi, nami sitakuchosha nazo. Zilipokwisha, Mzee Laban aliletwa na nyatiti yake, kinubi kile cha nyuzi nane, akaketi kwenye kigoda chake kifupi, njuga mguuni. Watu wakasogea. Hapo ndipo watu wa ziwani hupapenda kuliko hotuba zote. Mtu yeyote anayetaka kujisifu hutupa sarafu kwenye sahani, anainua mkono, nyatiti inanyamaza, na yeye anasimama kujitaja: ni mwana wa nani, anapendwa na nani, anaringia nini. Wao huita pakruok. Akimaliza, nyuzi zinaanza tena. Anayetajwa akiwa pale, naye anajibu, la sivyo ni aibu kwa wote wawili.

Mzee mmoja alisifu ng'ombe wake. Kijana mmoja akamsifu msichana wa Kombewa ambaye wenzake walimsukuma ajibu huku amejifunika uso. Mzee Walter mwenyewe akajisifu, kwa sauti nzito, na watu wakapiga makofi. Kisha sarafu ikagonga sahani, na watu wakageuka kuona ni nani. Mkono ulioinuliwa ulikuwa na pete ya kushonea kwenye kidole cha kati.

Nyatiti ikanyamaza. Minong'ono ikaanza.

"Huyu si mtu wa hapa," mzee mmoja alisema. "Hata kura hana."

Mzee Laban alimtazama yule mzee, kisha akamtazama Kemilembe. "Nyatiti haiulizi kipande cha kitambulisho," alisema. "Sema, mama."

Kemilembe akasimama.

"Mimi ni Kemilembe," alisema kwa Kiswahili, "binti wa Rwegasira, wa Bukoba, kwenye migomba isiyokatika. Nilivuka ziwa peke yangu na cherehani, na sikuzama. Nguo mlizovaa nimezishona mimi. Nguo za wenzenu nimezishona mimi pia, na yeyote atakayeshinda atashangiliwa na mikono yangu. Sina kura hapa. Sikuja kuchagua. Lakini yupo aliyenichagua. Jina lake silitaji. Kama yupo hapa, ana mdomo."

Hakuketi.

Sijui kama umewahi kusikia watu mia tatu wakinyamaza. Hata njuga ya mguuni mwa Laban haikusikika. Dishon alikuwa upande wa pili wa uwanja, kando ya kiti cha baba yake. Mzee Walter hakugeuza shingo. Alisema tu, polepole, lakini Kemilembe aliweza kusoma midomo yake: usithubutu.

Dishon akasogea mbele kidogo.

"Huyu," alisema, sauti imekauka, "ni rafiki. Rafiki wa hii nyumba yetu. Fundi hodari sana."

Kemilembe aliendelea kusimama.

"Rafiki wa nyumba?" Laban aliuliza, na watu wakaanza kucheka. "Mwalimu, nyumba ndiyo inamwendea Kisumu? Ongeza. Ama nikate hii wimbo niende nyumbani."

Vicheko vikazidi. Kemilembe hakucheka. Alimtazama Dishon tu, macho kwa macho, bila kuomba. Alikwisha kuamua. Kama angesikia neno rafiki mara nyingine, angeipanda ile pikapu, na hata kama angelia njia nzima hadi chumbani kwake Mamboleo, asingefungua tena mlango siku ya Jumamosi. Dishon aliliona hilo usoni mwake. Alilisoma kama mtu anavyosoma barua ya kufukuzwa kazi.

Akatia mkono mfukoni. Akatembea hadi kwenye sahani, akatupa sarafu zote alizokuwa nazo, hata nauli.

"Mimi ni Dishon," alisema kwa Kijaluo, na safari hii sauti ilifika mpaka langoni, "mwana wa Walter, mwalimu wa Kombewa. Miaka miwili, kila Jumamosi, namwambia mama yangu naenda Kisumu kununua chaki. Mama, nisamehe. Shule inapewa chaki bure. Nilikuwa nakwenda kwa huyu. Alhamisi nilimwambia ajifiche, na leo nimemwita fundi mbele yako, na sijawahi kujiona mdogo namna hiyo. Huyu ni mchumba wangu. Nitamwoa, baba ashinde au ashindwe."

Wanawake wa kijani walipiga vigelegele kabla hajafunga mdomo. Selpha alikuwa wa kwanza. Kemilembe alihisi kifua kinamfunguka, akatamani kukimbia kuvuka uwanja ule, lakini Mzee Walter alikuwa amesimama, mkono juu, na vigelegele vikakatika.

Mzee alikuja mpaka mbele yake. Msichana anayetaka kuolewa katika boma kama lile huinamisha macho mbele ya baba wa mwanamume. Kemilembe alijua. Alijaribu, lakini macho yalikataa.

"Wewe," Mzee alisema kwa Kiswahili, taratibu, ili kila mtu asikie. "Umeingia kwangu bila kuitwa. Umemfanya mtoto yangu asahau baba yake mbele ya watu. Sasa sema mbele ya hawa watu wote. Kama ungekuwa na kura, ungenipa mimi?"

Hapo palikuwa na mlango, na ulikuwa wazi. Neno moja tu, ndiyo, baba, na watu wangeshangilia, Mzee angepata cha kusemea sokoni, na mambo yote yangesahaulika kabla chai haijapoa. Dishon alimsihi kwa macho. Hata Selpha aliitikia kwa kichwa, akimwonyesha njia. Kemilembe aliutazama uso ule wa mzee, uliofanana sana na uso anaoupenda, na akajua kwamba akianza kwa uongo katika boma hili ataishi kwa uongo humo.

"Mzee," alisema, "sijui. Wewe nimekusikia leo, umesema vizuri. Okech sijamsikia bado."

Mtu mmoja alivuta pumzi kwa sauti. Mzee Walter hakutukana, wala hakucheka. Aligeuka, akaita dereva, akaingia kwenye Land Rover ya kukodi pamoja na wazee wawili, na gari likatoka langoni kuelekea mkutano wa jioni, kipaza sauti kikikoroma bila maneno.

Dishon alivuka uwanja. Alimshika mkono hadharani, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, na kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho.

"Ungesema ndiyo tu, Kemi," alinong'ona.

"Na wewe ungesema rafiki tu."

Dishon alimkaza mkono. Mama Dorca alikuja kutoka mlangoni kwake, akiwa na kigoda mkononi, watu wakimpisha. Alimtazama Kemilembe, akamtazama mwanawe, akatingisha kichwa juu ya chaki ya miaka miwili.

"Mzee atarudi saa kumi na mbili kula," alisema kwa Kijaluo. "Akirudi na hasira hivi, afadhali asikukute mbele. Njoo ukae jikoni na mimi."

Ulikuwa wema, na Kemilembe aliujua kuwa ni wema.

"Asante, Mama," alijibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alijibu kwa Kijaluo, kibovu, lakini kilieleweka. "Jikoni nitaingia kesho, nikusaidie kazi yote. Leo nataka anikute hapa nje."

Mama Dorca akainua kigoda, akatembea nacho mpaka katikati ya uwanja, akakiweka chini kikitazama lango, akakigonga miguu mpaka kikakaa sawa kwenye udongo.

"Basi keti," alisema.

Kemilembe akaketi, akaweka mikono magotini. Dishon akaenda kutafuta kigoda cha pili.